Arobaini Mbili Baada ya Kutolewa Kizazi

Wauguzi wenzangu, mliponiaga nilipostaafu mlinipa kitenge, sufuria mbili na daftari jipya, mkaniambia niandike niliyoyaona kazini ili mnaobaki msome. Kitenge nimeshona. Sufuria moja imeshatoboka. Daftari limekaa mezani tangu mvua za vuli, na leo nimeona nilianze kabla macho hayajaniacha kabisa.

Habari za vyeo sitaandika. Wengi mnajua nilianza nikiwa mhudumu wa wodi, nikaishia kuisimamia wodi ya wanawake, na hapo katikati hakuna cha kumfaa mtu. Nitaandika jambo moja lililonichosha kuliko mengine: wanawake tuliowatoa kizazi wakapona, tukawaaga kwa furaha, kisha wakarudi wakitembea polepole, mkono mmoja umeshikilia kanga kwa mbele, hawataki kukaa kwenye benchi.

Niliingia tieta, yaani chumba cha upasuaji, kwa mara ya kwanza mwaka mmoja baada ya Uhuru. Hospitali yetu ilikuwa upande wa Kilosa, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vyombo vinatikisika kwenye trei. Jina lake sitalitaja. Waliofanya kazi pale wanaijua, na wengine haliwasaidii. Tieta ilikuwa na meza moja, taa moja, na dirisha kubwa tulilolifungua taa ilipogoma. Vyombo tulivichemsha kwa jiko la mafuta ya taa, na mwenye jiko alikuwa Mzee Athumani, mhudumu aliyekuwapo tangu enzi za Mwingereza. Siku yangu ya kwanza alinipa vitambaa vya kufutia damu na kuniambia, "Kila kinachoingia tumboni mwa mtu, nataka uniambie kikitoka kiko wapi." Hakunisemesha tena mpaka jioni. Nilihesabu vitambaa vile mara nne, na mpaka leo nikikunja nguo nyumbani nazihesabu.

Daktari wetu aliitwa Kasembe. Alikuwa mfupi, mpole, na asiye na haraka kazini. Wauguzi wenzangu walinung'unika kwamba akiingia tieta chakula cha mchana kinapoa. Mimi nami nilinung'unika, mpaka siku tuliyomtoa kizazi mama mmoja wa Magole aliyekuwa akivuja damu miezi mingi. Kizazi kilikwisha toka, kimo kwenye bakuli, nami nimeshika uzi wa kufungia tumbo. Daktari hakuupokea.

"Bado, Nesi Paulina," alisema. "Nipe uzi mnene."

"Tumekwisha kitoa, daktari."

"Tumekitoa, ndiyo. Sasa angalia hapa." Akaniinamisha kichwa. "Kizazi kilikuwa kimeshikwa na kano hizi za pembeni na hizi mbili za nyuma. Kano hizohizo ndizo zilizokuwa zimeushika uke kwa juu. Nikiziacha zikining'inia, uke hauna kinachoushika. Utaanza kushuka, utatoka nje kama soksi iliyogeuzwa. Kwa hiyo nazishona hapa juu, kwenye kilele chake, ndipo nifunge."

"Na ukizishona hautashuka?"

"Unaweza kushuka. Lakini nitakuwa nimefanya sehemu yangu."

Ilichukua kama robo saa. Tangu siku hiyo kila tulipotoa kizazi nilimwandalia ule uzi mnene mapema, na chakula kikapoa bila mimi kulalamika. Nyinyi vijana mna vitabu vizuri kuliko sisi, lakini naomba msimamizi wa tieta yeyote ajue hili: daktari akiwa na haraka, mkumbushe kano. Mkumbushe kwa adabu, lakini mkumbushe.

Mwajuma aliletwa wakati wa kiangazi, miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Mumewe, Omari, alimkokota kwa baiskeli kutoka Zombo, yeye amekaa nyuma kwenye kiti cha mizigo, mama mkwe anamshikilia kwa pembeni. Alikuwa na uchungu wa siku tatu. Nilipoweka mkono tumboni nilijua kizazi kimepasuka, na mtoto hayupo tena. Daktari Kasembe siku hiyo alikuwa Morogoro. Aliyekuwapo ni daktari kijana wa kushikilia zamu, na nataka iandikwe kwamba alifanya kazi ya mtu mzima. Mpasuko ulikuwa umefika chini mpaka shingo ya kizazi, kwa hiyo alilazimika kukitoa chote. Damu ya kumwongezea hatukuwa nayo. Mapigo ya moyo yalikuwa yanapotea chini ya vidole vyangu.

Nilimwambia, "Daktari, kano."

Akasema, "Sista, nikikaa humu dakika tano zaidi nitashona maiti."

Akafunga. Alikuwa sahihi, na Mwajuma akaishi.

Alikaa wodini majuma matatu. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, msemaji mdogo. Mtoto yule alikuwa wa tatu, na wawili wa mwanzo walikuwa hai nyumbani kwa bibi yao. Siku ya kumruhusu nilisimama miguuni pa kitanda chake, karatasi mkononi, nikamwambia kama nilivyowaambia wote: "Usibebe vizito, mama. Usilale na mume mpaka kidonda kipone. Ukiona damu, rudi." Akaitikia. Nikaweka alama kwenye karatasi, nikaenda kitanda kinachofuata. Nadhani haikupita dakika moja.

Kisha kukaja kuhamia vijijini. Wengi mlikuwa watoto, hamkumbuki vizuri. Watu wa mabonde ya ndani walihamishiwa karibu na barabara, na familia ya Omari ikapangiwa kijiji kipya upande wa kuelekea Mikumi. Waliambiwa shule itakuja, zahanati itakuja, bomba la maji litakuja. Shule ilikuja, nisiwe mwongo. Lakini walipofika hapakuwa na kitu isipokuwa vigingi vya kupimia viwanja. Wanaume walikata miti, wanawake wakabeba. Udongo wa kukandika nyumba ulibebwa, nyasi za kuezeka zikabebwa, na maji yalikuwa mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi na debe kichwani ni zaidi ya saa.

Mwajuma alirudi kwangu kama mwaka na nusu tangu nimruhusu. Sikumtambua. Alisimama mlangoni mwa chumba cha sindano, akasema "Shikamoo nesi," nikaitika "Marahaba" bila kuinua kichwa, nikamwambia akae.

"Siwezi kukaa," akasema.

Ndipo nikamtazama. Nikafunga mlango, nikampandisha kitandani. Nyama ya uke ilikuwa imetoka nje yote, kiasi cha ngumi, imekauka na kuwa ngumu kama ngozi ya kisigino, na upande mmoja ina kidonda kwa kusuguana na nguo. Alikuwa akiizuia kwa kitambaa alichokifunga kama nepi. Mkojo haukutoka mpaka airudishe ndani kwa vidole. Aliishi hivyo miezi mingi, akilima, akipika, akichota maji. Mumewe alijua nusu tu. Mama mkwe hakujua kabisa.

Nilikuwa nimechoka siku ile, na mtu aliyechoka hutafuta wa kumlaumu. Nikamwambia kwa sauti nisiyopenda kuikumbuka, "Mwajuma, mimi sikukwambia usibebe vizito?"

Alikuwa bado amelala chali, anatazama dari. Akasema taratibu, kama anayejibu swali la kawaida, "Uliniambia, nesi. Hukuniambia atabeba nani."

Nilivua glavu, nikanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu nikavuta kiti, nikakaa karibu na kichwa chake, nikamwomba anieleze siku yake tangu anapoamka. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza mgonjwa swali hilo baada ya miaka zaidi ya kumi ya kazi.

Alinieleza. Aliporudi kutoka hospitali, alipumzika siku saba. Siku ya nane mama mkwe alimpa debe. Hakuwa mama mbaya, Mwajuma mwenyewe alisisitiza hilo. Mwanamke akijifungua huwekwa ndani siku arobaini, hashiki jembe, hashiki mchi, wenzake wanamchotea. Lakini yeye alirudi mikono mitupu. Majirani walipouliza mbona hajawekwa ndani, mama mkwe akajibu, "Hana mtoto. Arobaini ya nini?" Wakaona ni kweli. Mwajuma naye akaona ni kweli.

Nimefikiria maneno yale miaka yote. Mwenye mtoto alipumzishwa kwa ajili ya mtoto. Aliyepasuliwa, akashonwa, akapoteza mtoto na kizazi pamoja, ndiye aliyerudishwa kisimani kwanza.

Daktari Kasembe alimpima, akasema tumtibu kidonda kwanza, ndipo amshone upya. Tulimweka wodini, vitambaa vyenye dawa asubuhi na jioni, kitanda kimeinuliwa kwa matofali upande wa miguuni. Alikuwa na kikohozi cha moshi, tukakitibu nacho, kwa sababu mtu akikohoa usiku kucha ni sawa na kunyanyua mzigo usiku kucha. Choo chake kilikuwa kigumu, tukampa papai na maji mengi, maana kujikamua chooni nako ni mzigo. Hayo niliyajua yote. Nilikuwa nimeyasoma chuoni na kuyajibu kwenye mtihani.

Nilimfundisha pia mazoezi ya misuli ya nyonga. Nawaandikia namna nilivyoyafundisha kwa sababu nasikia baadhi yenu mnaona haya kuyaeleza. Nilimwambia, "Kaza pale chini kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja. Usikaze tumbo, usikaze matako, usizuie pumzi. Hesabu mpaka tano, legeza, hesabu mpaka tano tena." Mara kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Na kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinuka, kaza kwanza. Siku ya tatu alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Alisema mwanamke wa kitanda cha jirani amemuuliza mbona anahesabu kimoyomoyo midomo ikitembea, naye akamjibu anasali.

Daktari alimshona kwa muda wa saa mbili na zaidi. Kano zilikuwa zimevutika na kuwa nyembamba, akazitafuta moja moja kama mtu anayetafuta nyuzi kwenye nguo kuukuu. Alipomaliza akaniambia, "Mimi nimefika mwisho. Kilichobaki ni cha kwako."

Nilimpelekea Omari ujumbe aje. Alikuja na baiskeli yake, akasimama nje kofia mkononi. Alikuwa mwanamume mkimya, na aibu ilimfanya mkimya zaidi. Nilimkalisha, nikamweleza yote bila kuficha, nikitumia kitambaa na kamba kumwonyesha kano ni nini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nesi," akasema, "unataka nichote maji mimi?"

"Nataka uniambie nani atachota."

"Mwanamume na debe kichwani, kijijini kwetu, watanichezea ngoma."

"Nani kasema kichwani? Si una baiskeli?"

Akaitazama ile baiskeli pale nje kama hajawahi kuiona. Kufunga madebe mawili kwenye kiti cha nyuma ni kazi ya kiume, wauza maji wa mjini wanaifanya kila siku na hakuna anayewacheka. Omari alisema atajaribu. Nilimwambia kwamba Mwajuma atakaa arobaini mbili, moja ya mtoto aliyempoteza na moja ya upasuaji, na baada ya hapo hatabeba zaidi ya nusu ndoo maisha yake yote. Maneno "arobaini mbili" niliyatunga palepale. Daktari alikuwa ameniambia miezi mitatu, lakini nilijua miezi mitatu ni maneno ya hospitali na yataachwa getini.

Tatizo lililobaki lilikuwa shamba la kijiji. Kila mtu mzima alipangiwa kazi, na asiyefika aliitwa mvivu mbele ya mkutano. Barua ya daktari ilirudi na jibu kwamba mgonjwa ni aliyelala kitandani. Nilipata nafasi kwenye Landrova ya chanjo, nikaenda mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaita wajumbe wake, wanaume watupu.

"Ndugu Nesi," alisema, "huyu mama tunamwona anatembea, anakula, anaongea. Anaumwa nini?"

Nilikuwa nimejiapiza kutomvunjia Mwajuma heshima mbele ya wanaume wale. "Ameshonwa ndani, Ndugu Mwenyekiti. Akibeba mzigo, mshono utaachia."

"Ndani wapi?"

"Ndani ambako wewe na mimi tulitokea."

Mjumbe mmoja akainamia viatu vyake. Mwenyekiti akakuna kidevu, akasema kila mtu pale ana sababu yake, na akimruhusu mmoja kesho watakuja ishirini. Nikamjibu kwamba wakija ishirini aniitie, maana nadhani wapo. Hakulipenda jibu hilo, lakini hakunifukuza. Tulizunguka jambo lile mpaka jua likawa la utosi. Mwisho akasema, "Kuna kazi ya kukaa na watoto wakati mama zao wako shambani. Haina mzigo. Hiyo ataiweza?"

Nilienda kumuuliza Mwajuma mwenyewe. Nilisita kumuuliza. Mwanamke aliyezika mtoto na kizazi chake, kumpa watoto wa wenzake ashinde nao, nilidhani itakuwa kumtonesha. Hata hivyo nilimweleza.

"Wanabebwa?" akauliza.

"Wadogo wanabebwa. Wewe utakaa chini, watakuja mapajani wenyewe."

"Basi nitaweza," akasema.

Mshono ulishika. Si kwa ukamilifu. Baada ya miaka mitatu upande wa mbele ulilegea kidogo, tukampa pete ya mpira inayowekwa ndani kuuzuia uke usishuke, akawa anakuja kila baada ya miezi mitatu niitoe, niioshe, nitazame kama kuna kidonda, nirudishe. Lakini alikaa, alisafiri, alikojoa kama watu. Omari aliendelea na baiskeli. Alinieleza siku moja, bila kutabasamu, kwamba wanaume wengine wawili wameanza kufunga madebe kwenye baiskeli zao, na kwamba wanadai wazo ni lao.

Tangu Mwajuma niliacha kusimama miguuni pa kitanda. Kila mwanamke tuliyemtoa kizazi hakuondoka wodini mpaka mtu atakayemchotea maji aje, akae, aniambie kwa mdomo wake, "Ni mimi." Wengine walikuja kwa hasira. Wengine walidanganya, nikajua wanadanganya. Wapo waliorudi hata hivyo. Kuna mmoja mumewe alimwacha akiwa bado na nyuzi, akarudi kwao kuchanja kuni za kuuza, na nilichomfanyia ni kumpa pete na chai. Miaka ya mwisho, sabuni ilipoadimika na uzi mnene ukawa wa kuomba huku na huko, kuna siku Daktari Kasembe alishona kano kwa uzi wa kushonea ngozi kwa sababu hapakuwa na mwingine. Alistaafu kabla yangu. Tulipoagana hatukuzungumza mengi, tuliulizana habari za magoti.

Safari yangu ya mwisho ya kikazi nilikwenda tena kijiji kile, na Landrova ya chanjo. Mwenyekiti alikuwa mpya. Mwajuma aliniomba nizungumze na wanawake, nikazungumza chini ya paa la ghala, mambo ya kano, mazoezi, kikohozi, choo, nusu ndoo. Mwishoni nikauliza kama kuna anayehisi kitu kinashuka. Hakuna aliyeinua mkono. Walinitazama kama nimeuliza nani mwizi.

Nikaaga. Nilipokwenda nyuma ya ghala kuchukua mkoba wangu, nilimkuta mwanamke mmoja anangoja. Nikampima kwenye mkeka, Mwajuma ameshika kanga kama pazia. Alipotoka akaingia mwingine, na nyuma yake mwingine. Hawakuwa wamepanga, kila mmoja alishtuka kumkuta mwenzake. Mmoja wao alikuwa na kovu la kitovuni kwenda chini ambalo nililitambua, kwa sababu bandeji yake niliifunga mimi, miaka ile ambayo nilikuwa nasimama miguuni pa kitanda na karatasi. Nilimpima, nikamwandikia barua ya kuja hospitali, nikamuuliza nani atamchotea maji akija. Akasema hajui.

Dereva alipiga honi. Hakutaka giza limkute njiani kabla ya kuvuka mbuga, na sikumlaumu. Alipopiga mara ya pili, wanawake watatu walikuwa bado wamesimama pembeni ya ukuta, mikono imeshikilia kanga kwa mbele. Niliwauliza majina, nikawaambia nitarudi mwezi ujao. Mwezi uliofuata barua ya kustaafu ikanikuta, gari likakosa mafuta, na goti langu la kushoto likakataa.

Majina yao nimeyaandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hili, pamoja na jina la Mwajuma, ambaye atawaonyesha nyumba. Atakayepata nafasi kwenye gari aende na glavu, pete za kila kipimo, na muda wa kutosha wa kukaa.